Kuijibu Hukumu: Juu ya Kuandikia Jarida la Sheria

Mwezi Januari 1995 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika shauri la Mbushuu na mwenzake, watu wawili waliokuwa wamepatikana na hatia ya mauaji. Mwaka uliotangulia, katika Mahakama Kuu iliyoketi Dodoma, Jaji James Mwalusanya alikuwa ameamua kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye katika jambo zito, kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili na inamtweza binadamu, lakini haikufika naye mwisho wa safari: ilisema kwamba pamoja na ukatili wake, sheria inayoiweka inaokolewa na ibara ya 30(2) ya Katiba, ibara inayoruhusu haki za mtu mmoja mmoja kuwekewa mipaka kwa ajili ya maslahi ya wote. Na juu ya swali kama adhabu hiyo inahitajika kweli ili kuulinda uhai wa watu, Mahakama ilisema kwamba jamii ndiyo inayoamua.

Kila ninapoifundisha hukumu hii, darasa hugawanyika, na haligawanyiki kati ya wanaoipenda adhabu ya kifo na wanaoichukia tu. Wanafunzi makini huuliza jamii huamua kwa kinywa cha nani, na kama Bunge likikaa kimya kwa miongo mitatu ukimya huo uhesabiwe kuwa uamuzi, na tena, kama jamii ndiyo mwamuzi wa mwisho, haki za binadamu ziliandikwa katika Katiba kumlinda nani dhidi ya nani. Jaji hana wasaa wa kuyafuata maswali hayo hadi mwisho wake, kwa sababu ana shauri moja mbele yake, na ana watu wanaosubiri kujua hatima yao. Mahali pa kuyafuata ni katika jarida la kitaaluma la sheria. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikiandika, nikihakiki miswada ya wengine na kuwasaidia wahadhiri vijana kuchapisha kwa mara ya kwanza, nimezidi kuamini kwamba makala ya sheria ni jibu. Anayeiandika humjibu jaji, Bunge au mwanazuoni aliyekwisha kusema, na miswada mingi inayokwama hukwama kwa sababu mwandishi hajajua anamjibu nani.

Chukua muswada ambao kila mhariri wa jarida la sheria katika Afrika Mashariki amewahi kuupokea kwa sura moja au nyingine: “Adhabu ya Kifo Nchini Tanzania: Mapitio ya Sheria.” Unaanza na historia ya adhabu hiyo tangu ukoloni, unanukuu kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, unazitaja nchi zilizoifuta na zile ambazo bado zinayo, unaorodhesha mikataba ya kimataifa, kisha unahitimisha kwa kupendekeza kwamba Serikali iifute na umma uelimishwe. Hakuna kosa la kisheria ndani yake. Hata hivyo mhakiki akifika ukurasa wa mwisho, hawezi kutaja jambo hata moja ambalo hakulijua kabla ya kuanza kusoma, na hilo ndilo atakaloliandika katika taarifa yake kwa mhariri.

Sasa tazama jinsi mada hiyohiyo inavyobadilika ikianzia kwenye hukumu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la Susan Kigula na wenzake, iliamua kwamba adhabu ya kifo yenyewe haivunji Katiba ya nchi hiyo, lakini kumlazimisha jaji kuitoa bila kumpa nafasi ya kuzipima hali za mshtakiwa kunaivunja. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ikafikia uamuzi wa namna hiyo katika shauri la Francis Muruatetu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa hukumu katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, ikasema kwamba ulazima wa adhabu hiyo uliomo katika Kanuni yetu ya Adhabu unakiuka haki ya kuishi iliyolindwa na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ikaiagiza nchi iuondoe katika muda wa mwaka mmoja. Mwandishi anayeziweka hukumu hizi nne mezani ataona mwanya ambao muswada ule wa kwanza haukuuona: hoja iliyotumika mwaka 1995 kuiokoa adhabu yenyewe, je, inatosha pia kuuokoa ulazima wake? Kama jamii ndiyo inayoamua kwamba wauaji wanaweza kunyongwa, je, ni jamii pia iliyoamua kwamba jaji asimsikilize muuaji yeyote kabla ya kumhukumu? Hilo ni swali moja, linajibika kwa kurasa ishirini na tano, na jibu lake, liwe la ndiyo au hapana, lina mtu wa kulipinga. Muswada wenye swali la namna hii mhariri huutambua tangu kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo.

Nimekaa juu ya mfano huu kwa sababu naona wahadhiri wengi wanafundishwa kuanza na mada, kisha kutafuta pengo, kisha kuweka malengo mahususi, kama wanavyoandika pendekezo la tasnifu. Utaratibu huo una faida zake kwa tasnifu. Kwa makala ya jarida unaleta maandishi mapana na mepesi. Sura ya tasnifu iliyokatwa na kupelekwa jaridani kama ilivyo hujulikana mara moja: ina sehemu ndefu ya dhana, ina mapitio ya kila aliyewahi kuandika, na hoja yenyewe inachungulia kwenye kurasa tatu za mwisho. Ushauri wangu kwa aliyemaliza uzamivu ni kuichukua hoja hiyo ya kurasa tatu, kuiweka mwanzo, na kuandika makala yote upya kutokea hapo bila kuifungua tasnifu.

Wapo wanaosema kwamba majaji hawasomi majarida, kwa hiyo kuwajibu ni kazi bure. Historia haiungi mkono kauli hiyo. Mwaka 1890 mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha katika Harvard Law Review makala iliyodai kwamba sheria ya mapokeo, ile inayojengwa na hukumu za majaji, inaitambua haki ya mtu kuachwa na faragha yake. Mwaka 1902 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliikataa hoja hiyo, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria ya kuwalinda watu dhidi ya picha na majina yao kutumiwa kibiashara bila ridhaa. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Georgia ikaipokea haki hiyo moja kwa moja. Hoja ilichukua miaka kumi na mitano kutoka jaridani hadi kuwa sheria ya jimbo hilo. Nasi tusisahau kwamba hoja za Dodoma na za Mahakama yetu ya Rufani katika shauri la Mbushuu zilijadiliwa na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka huohuo wa 1995, ilipokuwa ikiifuta adhabu ya kifo katika shauri la Makwanyane. Hukumu zetu husafiri. Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi husafiri peke yake, bila maandishi ya wanazuoni wa hapa ya kuzifafanua na kuzipinga.

Zamani tulikuwa na udhuru. Hukumu zilipatikana kwa shida, vitabu vya taarifa za mashauri vilichelewa kwa miaka, na mhadhiri alitegemea nakala alizopewa na msajili au rafiki aliye wakili. Leo hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na za Kenya kwenye tovuti ya Kenya Law, mara nyingi muda mfupi baada ya kutolewa. Maelfu ya hukumu yapo wazi kwa yeyote mwenye simu, nazo zinaamua mambo ya ardhi, ndoa, ajira, kodi na dhamana ambayo hakuna aliyeyaandikia hata ukurasa mmoja wa uchambuzi. Mwanasheria kijana akinieleza kwamba amekosa mada, humwomba achague kifungu kimoja cha sheria anayoifundisha, asome kila hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyokitafsiri katika miaka kumi iliyopita, kisha aniambie kama majaji wamekubaliana. Mara chache hukuta wamekubaliana kikamilifu.

Kuhusu mahali pa kuchapisha, nina msimamo, na najua si wote wanaoukubali. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, kikiwafundisha vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda pamoja, na mwaka 1968 kikawa na jarida lake, Eastern Africa Law Review. Kabla ya hapo, aliyetaka kuandika juu ya sheria za Afrika alielekea London, ambako Journal of African Law lilikuwa limeanzishwa mwaka 1957. Kuwa na jarida letu kulikuwa tendo la kujitawala: mjadala juu ya sheria zetu ulipata kufanyika mahali ambapo wanaotawaliwa na sheria hizo wangeweza kuusoma na kuujibu. Leo vyuo vinatoa alama nyingi kwa machapisho ya majarida ya nje yaliyoorodheshwa kwenye kanzidata kubwa, na mhadhiri anayetafuta kupandishwa cheo hawezi kulaumiwa kwa kuyafuata. Lakini makala inayobishana na Mahakama ya Rufani ya Tanzania juu ya ibara ya Katiba ya Tanzania, ikichapishwa katika jarida ambalo mawakili wa Mwanza na majaji wa Mbeya hawana uwezo wa kulilipia, imefika kwa watu wasiohusika. Kama ni lazima iende nje, iende kwenye jarida linalosomwa bure, kama lile la haki za binadamu la Pretoria, African Human Rights Law Journal, linalotoka tangu mwaka 2001.

Kila jarida lina desturi zake, na kutozijua kunaweza kumchafulia mtu jina. Majarida mengi ya sheria ya Marekani huhaririwa na wanafunzi, na huko ni kawaida mwandishi kuupeleka muswada mmoja kwa majarida mengi kwa wakati mmoja, kisha kuchagua atakayemkubali. Kwetu, kama Uingereza na Afrika Kusini, majarida hutegemea wataalamu wanaousoma muswada bila kujua jina la mwandishi, nao hawalipwi; kuupeleka muswada kwa majarida mawili kwa pamoja ni kuwapotezea watu hao muda, na mhariri akigundua hatasahau upesi. Subira hapa ni sehemu ya kazi. Ikipita miezi bila habari, ni haki ya mwandishi kuuliza kwa adabu, na ni haki yake pia kuuondoa muswada kwa maandishi kabla ya kuupeleka kwingine.

Majarida ya kitapeli nitayasema kwa ufupi, ingawa madhara yake ni makubwa. Barua pepe inayokusifu kwa “kazi yako adhimu,” inayoahidi kuchapisha ndani ya siku chache na inayotaja ada kabla ya kumtaja mhariri, inatoka kwa mfanyabiashara. Kuwa na namba ya ISSN hakuthibitishi lolote juu ya ubora, kwa kuwa namba hiyo ni ya utambulisho tu. Soma makala tatu za toleo la mwisho. Kama jarida linachapisha sheria ya ndoa, kilimo cha mihogo na uhandisi wa madaraja kwenye toleo moja, hakuna mwanasheria aliyeuhakiki muswada wako. Makala iliyozikwa humo haiwezi kuchapishwa tena mahali pa heshima, na hoja nzuri hupotea hivyohivyo.

Sasa tanbihi. Watu huziona kuwa ni adha ya mwisho, ya kukamilishwa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, nami naona kwamba uaminifu wa mwanazuoni wa sheria upo humo kuliko mahali pengine popote. Msomaji anaposhuka chini ya ukurasa anataka kujua ni aya ipi ya hukumu iliyosema hayo unayodai ilisema, na kama ilikuwa ndiyo sababu ya uamuzi au maneno yaliyotamkwa kwa kupita tu. Hukumu za miaka ya karibuni zina namba zake za rejea, zenye mwaka, kifupi cha mahakama na namba ya hukumu, kiasi kwamba kumtuma msomaji kwenye hukumu nzima ya kurasa sitini bila kumtajia ukurasa au aya ni uvivu. Majarida mengi hufuata OSCOLA, mtindo ulioanzia Oxford, au mtindo wa nyumbani unaofanana nao. Chochote kitakachotakiwa, kifuatwe tangu tanbihi ya kwanza. Ipo pia hatari mpya. Mwaka 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani mashauri yaliyobuniwa na programu ya kompyuta, ambayo hayajawahi kuwapo. Kwa mwanazuoni kanuni ni moja: usitaje hukumu ambayo hujaifungua na kuisoma mwenyewe.

Katika tanbihi hizohizo kuna jambo ambalo hunishangaza kila ninapohakiki. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ilitungwa kwa Kiswahili, na matini hayo ndiyo yenye nguvu. Ya Kiingereza ni tafsiri. Hata hivyo wanazuoni wetu wengi hujenga hoja nzima juu ya neno la tafsiri bila kuifungua Katiba yenyewe. Ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria. Jamii imetajwa hapo kama mtoa hifadhi. Yeyote anayetaka kubishana na kauli ya mwaka 1995 kwamba jamii ndiyo inayoamua, ana silaha ndani ya Katiba, nayo iko kwa Kiswahili.

Taarifa za wahakiki zikirudi, huanza sehemu ambayo huwavunja wengi moyo bila sababu. Barua inayosema muswada unahitaji marekebisho makubwa ni habari njema, kwa kuwa mhariri anayetaka kuukataa huukataa. Zisome taarifa, ziweke kando siku chache, kisha andika jedwali: upande mmoja kila hoja ya mhakiki kwa maneno yake, upande wa pili ulichofanya na ukurasa ulipokifanya. Mhakiki akikosea, mweleze kwa heshima na kwa ushahidi kwa nini hukufuata ushauri wake. Wahariri huridhika na kukataa kunakofafanuliwa kuliko kukubali kwa juujuu. Wahakiki wawili wakipingana, mmoja akitaka historia zaidi na mwingine akitaka iondolewe, hiyo mara nyingi ni dalili kwamba historia yako haijafungamanishwa na swali lako, na dawa ni kuifungamanisha. Naona thamani kubwa katika hatua hii kwa sababu hapo ndipo makala hujibiwa kwa mara ya kwanza, na mwandishi hupata kuonja kazi anayomfanyia jaji.

Limebaki suala la lugha ya majarida yenyewe. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa likaacha nafasi ya Kiingereza kutumika pale haki inapohitaji hivyo. Tangu hapo hukumu na nyaraka za Kiswahili zimekuwa zikiongezeka, lakini majarida yetu ya sheria yameendelea kuwa ya Kiingereza karibu kabisa. Hali hii inaleta jambo la ajabu: hakimu anaandika uamuzi kwa Kiswahili, na mwanazuoni anamjibu kwa lugha ambayo mdaawa hawezi kuisoma. Najua vikwazo vilivyopo. Wahakiki waliozoea kupima hoja ya sheria kwa Kiswahili ni wachache, istilahi hazijatulia, na mhadhiri anahofia kwamba makala ya Kiswahili haitahesabiwa atakapoomba kupandishwa cheo. Kila kimoja kinatatulika na bodi ya uhariri iliyoamua. Ianze na ikisiri ya Kiswahili kwa kila makala, kisha maoni mafupi ya Kiswahili juu ya hukumu mpya, ya kurasa tano au sita, ambayo ndiyo njia bora zaidi ya kumfundisha mwandishi mchanga kuijibu mahakama. Istilahi zitatulia kwa kutumika; hazijawahi kutulia kwa njia nyingine katika lugha yoyote.

Makala ikishatoka, kazi ya mwandishi haijaisha, kwa kuwa jibu lisilomfikia aliyejibiwa bado halijatolewa. Soma mkataba wa hakimiliki kabla ya kuutia sahihi, uone kama unaruhusu toleo lililokubaliwa kuwekwa kwenye hifadhi ya machapisho ya chuo. Majarida mengi huruhusu, na wengi hawaulizi. Peleka nakala kwenye maktaba ya Mahakama ya Rufani na kwa chama cha mawakili. Wapelekee mawakili waliosimamia shauri uliloliandikia, wa pande zote mbili, kwa maana mmoja wao atakuwa na mteja mwingine mwenye swali lilelile, na atahitaji kitu cha kuweka mbele ya majaji.